Kitambaa Ndani ya Hando la Kahonzi

Kahonzi alikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Nilimwosha na kumlisha kwa miaka sita, na kila siku nilimgeuza kitandani mara nne. Siku ya kumzika, mwanawe mkubwa Kalama alishika kipaza sauti akawashukuru watu. Alimshukuru mchungaji, akamshukuru daktari, akawashukuru waliotoa hema na viti. Akamshukuru dada yake Everlyne, "aliyejitoa kwa hali na mali." Katika miaka sita hiyo Everlyne alikuja kutoka Mombasa mara mbili, na mara ya pili alilala hotelini kwa sababu ya harufu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasonga sima. Niliposikia anataja majina nilisimama na mwiko mkononi, nikangoja langu. Halikuja. Wakaanza kuimba.

Namweleza mama huyu kwa sababu wanawe wanamweleza vibaya.

Alizaliwa Ganda, na hakuna aliyeandika siku yenyewe. Vita vya Hitila vilipokuwa vimepamba moto alikuwa msichana anayebeba madafu kichwani mpaka Malindi kuyauza. Pembezoni mwa mji palikuwa na kambi ya askari wagonjwa, mahema na mabanda ya makuti. Askari wenyewe walitoka mbali. Wengine walikuwa wa Nyasa, wengine wazungu, wengine watu wa bara waliorudishwa kwa meli kutoka Burma wakiwa wamekatika au wameungua. Hakuna aliyekuwa na mama yake karibu.

Siku moja Kahonzi alimwona askari mmoja amekaa mlangoni mwa banda, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi viwikoni, anajaribu kunywa dafu. Dafu likamponyoka, maji yakamwagika kifuani. Kahonzi akatua mzigo, akatoboa dafu jingine, akamshikia mpaka akamaliza. Wa pili akaita. Wa tatu akaita. Kufika adhuhuri kikapu kilikuwa kitupu na hajauza hata dafu moja.

Nyumbani baba yake alimngoja na fimbo.

"Madafu yangu yako wapi?"

"Wameyanywa askari."

"Hawa waliotuchomea nyumba tulipokataa kuwabebea mizigo? Hao ndio unawanywesha?"

"Baba, huyu niliyemnywesha hana mikono. Atachoma nini?"

Alichapwa hata hivyo. Kesho yake akarudi kambini. Alikwenda hivyo karibu miaka miwili, asubuhi baada ya kuteka maji, na wanawake wengine wanne wa Ganda wakajiunga naye. Walifua bendeji, wakawalisha uji wasioweza kushika kijiko, wakawapungia nzi. Hawakulipwa. Kulikuwa na bibi mmoja mzungu, muuguzi mrefu asiyecheka, aliyemfundisha kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kahonzi alimwogopa bibi huyo, lakini alilofundishwa alilishika.

Vita vilipokwisha, waliitwa wote wapange mstari mbele ya mahema. Mabibi wa mjini, waliokuwa nao wakihudumu kambini, wakawekwa mbele, wa Ganda nyuma. Kila mmoja alipewa kitambaa cha marekani nyeupe, nzito, chenye maandishi ya buluu na maua pembeni. Karani aliketi na wino, akiandika kwenye kila kitambaa jina la mwenyewe. Alipofika kwa wa Ganda lori lilikuwa linapiga honi, maana kambi ilikuwa inavunjwa. Akawagawia tu.

"Hakuniuliza jina," Kahonzi aliniambia siku moja. "Nilidhani analijua. Siku zote hizo mimi nipo pale."

Wenzake wa mjini waliviweka vitambaa vyao kwenye fremu. Kahonzi hakujua kusoma wala hakuwa na ukuta wa kutundika kitu, na miaka ile nguo ilikuwa adimu hivi kwamba watu walivaa magunia. Alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya akipewa nguo nzuri. Alikishona ndani ya hando lake. Wasiolijua hando, ni vazi letu Wagiriama la kiunoni, marinda juu ya marinda, la kumfanya mwanamke aonekane ana nyonga. Kile kitambaa akakiweka tabaka la ndani kabisa, maandishi yakiulalia mwili, marinda yakakifunika. Hando lilipochakaa alilifumua, akashona jingine, akakihamishia humo. Akaolewa nacho na Ngala, mgema wa tembo wa Ganda. Akazaa nacho watoto saba, wakabaki watatu.

Wa mwisho aliitwa Ngumbao. Huyo ndiye aliyenioa mimi.

Sitasema mengi juu ya Ngumbao. Tulikaa miaka kumi na mitatu bila mtoto, kisha akaoa mke wa pili, Vivian, akahamia naye Mtwapa, akaniacha kwa mama yake kama mtu anavyoacha kitu ambacho ataona baadaye la kukifanyia. Nikafunga virago. Kahonzi alinikuta mlangoni.

"Wapi?"

"Kwetu, mama. Hapa sina mtu tena."

"Mimi si mtu?" Akaninyang'anya kikapu. "Ngumbao ni mwanangu, siwezi kumfukuza. Lakini nawe pia siwezi kukufukuza. Kateke maji."

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi mkali. Nikifua alisema nafua kama napigana na mtu. Nikipika mchicha aliuliza ni nani amekufa, mbona chakula hakina chumvi. Lakini tulikula sahani moja.

Kisha akateleza mlangoni mwa jiko, nyonga ikavunjika, hakuinuka tena. Siku ya kwanza nilipojaribu kumgeuza, nilimvuta mkono. Akapiga kelele mpaka jirani akaja.

"Mimi si gunia la nazi! Acha mkono. Shika goti, lile la mbali. Likunje kwanza. Goti ndilo usukani."

Nikalikunja.

"Sasa mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga nzima. Usinisukume huko. Niite kwako. Mgonjwa hugeuzwa aelekee uso wa mtu, haelekezwi ukutani. Ukutani atatazama nini?"

Akaja kwangu mzima mzima bila maumivu, uso wake ukawa karibu na wangu. Akacheka. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyowageuza wanaume wazito kuliko Kalama. Na hawakuwa na adabu, wengine."

Hapo ndipo aliponihadithia habari za kambi, kidogo kidogo, kila nilipomgeuza. Nami ndiye niliyelifumua na kulishona hando lake upya vidole vyake viliposhindwa. Nikayaona yale maandishi ya buluu, nikayapiga pasi kwa mkono, nikayarudisha ndani. Wakati huo sikuijua hata a. Katika miaka sita hakupata kidonda hata kimoja cha kulala. Daktari aliyekuja kumtazama aliuliza ni nani amesomea uuguzi katika nyumba hii. Everlyne alikuwepo siku hiyo. Alitabasamu tu, akamwacha aamini anavyotaka.

Baada ya matanga waligawana vitu. Everlyne alichukua leso zote, kitanda, na mkebe wa biskuti aliokuwa marehemu akiwekea sindano zake na nyuzi za rangi zote. Kisha akaliinua hando kwa ncha ya kijiti.

"Na hili tambara? Linanuka mkojo."

"Mtupie Mbeyu," Kalama akasema, "akafagilie jikoni." Akanigeukia. "Na wewe, shemeji, sasa ujipange. Mume huna, mtoto huna, mama ndiye huyo ameondoka. Hapa wakaa kwa nani?"

Hando lilianguka miguuni pangu. Nikaliokota kwa mikono miwili, nikasema asante. Walicheka. Nilitoka Ganda siku hiyo na hando kwapani, nikaenda Kakuyuni, kwenye kipande cha shamba la kaka yangu, ambako mke wake ananihesabia kila kuni. Niko huko hadi leo. Nililitundika nyuma ya mlango, nikalifunika kwa leso. Ndilo lililonibakia la miaka ishirini na sita.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilikuwa uani napukuchua mahindi, gari dogo likasimama. Akashuka Kalama, na nyuma yake Everlyne na manukato yake.

"Hodi, shemeji!"

Shemeji. Tangu matanga, miaka minane, jina langu kwao lilikuwa yule tasa.

"Karibuni. Kiti ni kimoja."

Kalama akakalia. Everlyne akasimama akiutazama mchanga, kwa ajili ya viatu vyake.

"Umenawiri," Kalama akasema.

"Nimekonda. Sema ulilojia."

Everlyne akachekea puani. "Mbeyu hajabadilika."

"Nyinyi je?"

Kalama akakohoa. "Tuna jambo la heri. Kuna binti anaitwa Ilham, yuko chuo kikuu Kilifi. Wanakusanya vitu vya wakati wa vita, watafanya maonyesho. Ametuonyesha picha ya kitambaa cha shukrani, cheupe, maandishi ya buluu. Everlyne akakumbuka aliona maandishi kama hayo ndani ya hando la mama, alipokuwa mdogo. Lile la zamani. Unalo?"

"Lipi?"

"Lile tulilokupa."

"Hamkunipa. Mlinitupia."

"Haya, tulilokutupia," Everlyne akasema. "Lipo?"

"Si mliniambia nikafagilie jikoni?"

"Mbeyu, yale yalikuwa maneno ya matanga. Watu walikuwa wamechoka."

"Mimi ni mtii, wifi. Nilifagilia."

Kalama akashika kichwa. "Lote?"

"Jiko lilikuwa chafu."

Waliondoka bila kuaga. Hando lilikuwa hatua tatu kutoka pale alipokaa Kalama, nyuma ya mlango uliokuwa wazi. Nilipukuchua mahindi kwa raha siku hiyo. Nikajiambia, watalikosa kama mimi nilivyokosa.

Raha hiyo ilidumu siku tatu. Siku ya nne Ilham alikuja mwenyewe. Ni msichana wa Malindi mjini, watu wao asili yao visiwani, anazungumza taratibu na kichwa amekifunika. "Shikamoo, mama," akasema, na sikumkosoa kuhusu hilo la mama. Aliketi mkekani, akachukua gunzi akaanza kupukuchua nami kabla ya kusema lolote.

"Nimeambiwa kitambaa hakipo. Nimekuja tu kama kuna hata kipande. Katika orodha ya kambi imeandikwa 'wanawake watano wa Ganda.' Hawana majina. Nimezunguka Ganda wiki mbili. Wanne sijawapata kabisa. Huyu wa tano, nashukuru Mungu, familia yake wamenieleza."

"Wamekuelezaje?"

Akafungua daftari. "Kwamba aliyehudumia askari alikuwa Mzee Ngala. Alikuwa kama mganga wa kambi. Mkewe alimtunzia tu kitambaa. Mzee Kalama ametupa na picha ya babake, itawekwa ukutani. Hata bila kitambaa tutaandika jina lake."

Nilicheka mpaka mke wa kaka yangu akachungulia. Ngala! Vita vyote Ngala alivisikia akiwa juu ya mnazi. Malindi aliikanyaga kuuza tembo tu, na kulewa lililobaki.

Lakini kicheko kilikatika, maana niliona nilichokifanya. Nilipodanganya nilidhani nawanyima wao. Kumbe kwao kitambaa kikipatikana ni heri, kisipopatikana pia ni heri. Picha ya Ngala itatundikwa vilevile. Niliyemnyima alikuwa Kahonzi. Bila kile kitambaa, neno langu lilikuwa neno la mwanamke aliyefukuzwa, juu ya neno la mwana wa marehemu. Na nikikitoa, kitaondoka nyuma ya mlango wangu kwenda kuwapamba watu walionitupia.

"Rudi Ijumaa," nikamwambia.

"Kuna nini Ijumaa, mama?"

"Rudi tu."

Kesho yake asubuhi nililitoa hando uani nikalifumua, rinda kwa rinda. Kitambaa kilikuwa kimekuwa rangi ya chai, lakini buluu ilikuwepo. Safari hii niliweza kukisoma. Kanisani Kakuyuni kuna darasa la ngumbaru, nimekwenda misimu miwili, nasoma kwa kidole na kwa kusimama njiani. Kilisema: SISI ASKARI TULIO MBALI NA KWETU TWAKUSHUKURU WEWE ULIYETUTUNZA BILA KULIPWA. MALINDI, 1945. Chini yake, JINA. Na baada ya JINA, nukta, mstari mzima wa nukta, mpaka kwenye maua. Hakuna kitu juu yake.

Hakuniuliza jina. Nilidhani analijua.

Miaka sabini alitembea na shukrani mwilini mwake ambayo haikuwa ya mtu. Hakujua. Au labda alijua, kwa namna wasiosoma wanavyojua mambo, ndiyo maana aliyageuzia maneno ndani. Nikakitandaza mapajani. Nilikumbuka mwiko mkononi mwangu nyuma ya nyumba, na kipaza sauti kikipita majina ya watu wote. Na mahali patupu kama pale, Kalama angeweza kumweka mtu yeyote.

Nilitafuta sindano. Uzi niliokuwa nao ni mmoja, mweusi, wa kushonea magunia, nikauchambua nikatoa wembamba. Nikaandika kwanza mchangani kwa kijiti mpaka mkono ukazoea, kisha nikashona juu ya nukta, K, kisha A, kisha H, kwa mshono uleule wa hando. Ilinichukua siku hiyo na nusu ya iliyofuata. Z ilinishinda mara mbili, nikaifumua. KAHONZI.

Ilham aliporudi nilimwekea mkononi. Alikitazama, macho yakajaa, halafu kidole chake kikafika chini kikasimama.

"Mama, hili jina… huu uzi ni mpya."

"Ni wa jana."

"Lakini kitu cha kale hakiongezwi kitu. Kinaachwa kama kilivyo."

"Sikuongeza, mwanangu. Nimejaza. Wenyewe waliacha nafasi."

Nikamweleza yote, tangu dafu la kwanza. Nilipoona bado anasitasita, nilimlaza mkekani hapo hapo, msomi wa watu, nikalikunja goti lake la mbali, nikaweka mkono begani na mwingine kwenye nyonga, nikamwita kwangu. Akaja mzima mzima.

"Nani amekufundisha hivi?" akauliza akiwa amelala, uso wake karibu na wangu.

"Ngala angeweza?"

Akaketi, akatengeneza mtandio wake, akafungua daftari. Aliufuta ule ukurasa wa Ngala kwa mistari miwili. Akaandika kwamba kitambaa ni cha Kahonzi wa Ganda, na kwamba jina lake limeshonwa mwaka huu na aliyemuuguza. Kisha akainua kalamu. "Jina lako kamili, mama?"

Mara ya mwisho kuulizwa hivyo ilikuwa siku ya kupigwa picha ya kitambulisho.

"Mbeyu Kazungu," nikasema, na nikasubiri mpaka nilipoona ameandika.

Hando sikumpa. Nililishona upya lilivyokuwa, bila kitambaa. Ni jepesi sasa, limelegea katikati.

Maonyesho yalikuwa Kilifi mwezi wa Novemba, kwenye ukumbi. Nilikwenda na leso zangu mbili safi, nikakaa viti vya nyuma. Kitambaa kiliwekwa ndani ya kioo, maandishi yakitazama watu. Msichana mmoja wa chuo alisoma kadi yake kwa sauti, akalitaja jina la Kahonzi, na mwisho akalitaja langu, haraka haraka, kama mtu anayetaja tarehe. Watu walipiga makofi kidogo. Walikuwa wamepigia vitu vingine kumi kabla ya hicho. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilihisi tu kama mtu aliyetua ndoo kichwani, shingo bado inauma.

Kalama na Everlyne walikuwa mbele, Kalama amevaa koti. Picha ya Ngala haikuwepo ukutani. Walisimama mbele ya kioo wapigwe picha, kisha Kalama akainama, akasoma kule chini. Alisoma tena. Akageuka akaniona, akaja mpaka kiti changu, Everlyne nyuma yake. Nikasema moyoni, sasa atatamka. Neno moja tu la asante, lile ambalo hakulitamka siku ile ya mazishi akiwa na kipaza sauti mkononi.

"Mbeyu," akasema, "kumbe hukufagilia."

"Sikufagilia."

Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Lakini uzi mweusi," akasema hatimaye. "Mbona umeharibu kitu kizuri hivyo? Si ungetumia hata wa buluu, ufanane."

"Wa buluu ulikuwepo, shemeji," nikamwambia. "Mwulize Everlyne. Uko kwenye mkebe wa biskuti."